Anemoni zulia kwenye tangi la lita 90: ufugaji au mateso?

TangiDogo (Nairobi)
Wadau, naombeni maoni ya kweli. Nina tangi la maji chumvi la lita 90, urefu sentimita 60. Lina miezi mitano. Ndani mna klaunfishi wawili (wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya anemoni) aina ya Amphiprion ocellaris, waliozalishwa matangini, mawe hai, yaani mawe ya mwambani yenye viumbe hai, na matumbawe laini kidogo. Muuzaji mmoja ana anemoni zulia wa kijani, yaani mnyama wa baharini kama ua, mwenye vinyweleo vinavyochoma, upana wake kama sahani ya chakula. Wapo wanaosema kumweka mnyama huyu nyumbani ni dhambi, wengine wanasema anachohitaji ni taa nzuri tu. Nyinyi mnaonaje?

MamaSamaki
Mdogo wangu, acha. Zulia wapo wa aina tatu: Stichodactyla gigantea hufikia nusu mita. Haddoni hufika sentimita 80, na mertensii hupita mita moja. Tangi lako lote ni sentimita 60! Akistawi atafunika mchanga wote, atachoma matumbawe yako, na samaki atakayemgusa akiwa amelala, ameliwa. Asipostawi ndiyo balaa zaidi. Halafu miezi mitano ni tangi changa. Subiri lipite mwaka.

Bahari_Mvita
Mimi sina haja ya kuhesabu sentimita. Bahari si pambo la sebuleni. Nyinyi watu wa bara mkiona kitu kizuri huku kwetu lazima mkitie kwenye ndoo mkipandishe basi. Kila mtu na chake.

TangiDogo
Kaka Bahari_Mvita, hilo la "watu wa bara" limeniuma. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa. Marehemu babu yangu alitega malema hadi macho yalipomwishia. Mimi nimekuja Nairobi kutafuta riziki, na hilo tangi ndilo linalonikumbusha nyumbani nikirudi saa tatu usiku. Leo nani amekupa hatimiliki ya bahari?

Bahari_Mvita
Hatimiliki sina. Lakini aliyezaliwa Kisauni anajua zaidi, kwa hiyo kosa lake ni kubwa zaidi. Babu yako alitega samaki wa kula. Hakumchukua mnyama akamfungia gorofa ya nne akamwashia taa ya buluu.

MpigaMbizi_Shimoni
Sasa mmenigusa mimi. Nimezamia samaki wa mapambo miaka kumi na moja, kwa wavu wa mkono, na leseni ninayo. Samaki wetu wanakwenda Ulaya na Marekani, na pesa hiyo imesomesha watoto wangu wawili. Wanaotuita wezi wa bahari ndio haohao wanaokula mchuzi wa pweza Ijumaa, na hawaulizi yule kijana mwenye chuma amevunja jiwe gani kumtoa pweza pangoni. Nikimtoa anemoni, natumia vidole tu, namsubiri aachie mwenyewe. Sivunji kitu.

Bahari_Mvita
Usilinganishe na pweza. Pweza anaishi mwaka mmoja na kitu, anazaa mara moja, anakufa. Usipomvua wewe, atakufa. Anemoni anakaa miaka na miaka palepale. Ukimtoa leo, mwanao hatamwona mwingine pale.

Kipepeo77
Kweli wanaishi sana. Nilisoma kuna mmoja huko Uskoti aliishi zaidi ya miaka mia ndani ya chupa ya kioo! Ya chupa, siyo tangi. Kwa hiyo ndugu TangiDogo usitishwe na lita, lita 90 ni ikulu.

MamaSamaki
Kipepeo, habari hiyo ipo lakini umeivuruga, na hapo ndipo watu wanapoulia wanyama. Yule anemoni alichukuliwa pwani ya Uskoti mwaka 1828 na Sir John Dalyell, akafa 1887, Edinburgh. Ni kama miaka sitini, siyo mia. Walimbandika jina la Bibi. Na ni Actinia, yule mdogo mwekundu wa kwenye vidimbwi vya maji kupwa, mwenye upana wa sentimita chache, anayevumilia baridi na jua, na haishi kwa mwanga. Maji yake yalibadilishwa mara kwa mara muda wote huo. Zulia ana mwani mdogo ndani ya mwili wake unaomlisha. Bila taa kali anapauka na kufa njaa polepole. Hawa wawili ni mbali kama mbuzi na ngamia.

Kipepeo77
Sawa, ila usinijibu kama mwanafunzi wa darasa la nne. Nilisema nilisoma, sikusema nimeandika kitabu.

Mwani_Unguja
Mbona hakuna anayewataja klaunfishi wa huku kwetu? Yule Amphiprion allardi wa Afrika Mashariki hawezi kuishi mwambani bila anemoni. Kila anemoni ana jike mmoja mkubwa, dume lake, na wadogo kadhaa wanaosubiri zamu. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mdogo anayefuata hukua akawa dume. Ukimwondoa anemoni umevunja nyumba na foleni yote ya warithi. Tena joto la 1998 liliua matumbawe mengi sana pwani hii na kuwapausha anemoni pia, na 2016 likarudi. Swali langu siyo lita ngapi. Swali ni huyu wa kijani ametoka wapi. Anemoni mwenye ncha za mapovu, Entacmaea quadricolor, hujigawa mwenyewe tangini, unaweza kupata mtoto wake kwa mfugaji mwenzako. Zulia hajigawi hivyo kwa urahisi, karibu wote wanaouzwa wametolewa baharini.

Kipepeo77
Dada, umeandika kama hotuba ya bunge. Fupisha.

MpigaMbizi_Shimoni
Na hiyo "ametoka wapi" ni mimi unayenisema?

Mwani_Unguja
Sijakutaja, kaka yangu. Nimeuliza tu.

MpigaMbizi_Shimoni
Ukiuliza hivyo kila mtu anajua nani anaulizwa. Hifadhi ya bahari ya Kisite siingii. Nachukua nje, na nabakiza. Wapo wasiobakiza, waseme wao.

Rukia_K
Turudi kwa tangi jamani. Mimi nilimweka zulia kwenye lita 120 mwaka 2021. Aliyeniuzia aliniapia kwamba hahitaji chochote zaidi ya taa. Miezi minne alikuwa mzuri mno, mwanangu alikuwa akimwamkia kila asubuhi kabla ya shule. Usiku mmoja umeme ukakatika saa tano hivi, ukarudi alfajiri. Sikuwa na pampu ya betri. Pampu ya mawimbi ilipowaka tena alikuwa amejikokota juu yake, ikamkata. Nilipoamka maji yalikuwa kama maziwa, harufu ya mayai viza, na samaki wote saba wamelala chini. Anemoni mmoja akioza kwenye maji kidogo anatoa amonia ya kuua tangi zima kwa saa chache. Kwenye lita 500 labda ningewahi. Nililia, na sioni aibu kusema. Mwanangu hadi leo hataki tangi lingine.

TangiDogo
Pole sana dada Rukia.

Niwe mkweli sasa. Nilimnunua Jumamosi. Niliuliza hapa nikiwa nishamlipia, nikitumaini mtaniambia nimefanya vyema. Hajashika chini tangu afike. Anazunguka na mkondo, na mdomo wake uko wazi. Nifanye nini?

Bahari_Mvita
Mlete. Nitakulipia basi. Mashua ipo, nitamrudisha mwenyewe maji ya bamvua yakija.

Mwani_Unguja
Hapana kaka, tafadhali. Amekaa maji mamoja na ocellaris, samaki wa Mashariki ya Mbali asiyekuwapo pwani yetu. Hujui vijidudu gani atabeba. Aliyekwisha kukaa tangini harudishwi mwambani.

Bahari_Mvita
Yaani kumtoa ruhusa, kumrudisha marufuku? Hiyo elimu yenu ina mlango wa kutokea tu.

Mwani_Unguja
Kumtoa nako sikusema ruhusa. Soma nilichoandika juu.

MamaSamaki
TangiDogo, sikiliza, hao waache. Mdomo kuwa wazi siku ya tatu si dalili nzuri lakini bado hajafa. Kwanza funika pampu zote kwa wavu au sponji, leo hii. Pili, usimlishe. Kamba utakayompa ataoza ndani yake. Tatu, punguza mkondo, mpe kona yenye mchanga wa kina karibu na jiwe aingize mguu, yaani ile sehemu ya chini anayojishikia. Nusa maji asubuhi na jioni. Ukiona anayeyuka na kuacha utando, mtoe nje saa hiyohiyo, usisubiri. Vaa glavu, anashika ngozi na wengine hutoka vipele. Kama ni gigantea, wafugaji wenye uzoefu huwatibu kwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kwenye chombo cha pembeni, lakini usianze peke yako. Klaunfishi wako wapo wapi?

TangiDogo
Wanajaribu kuingia ndani yake. Dume ndiye anayemsumbua zaidi.

MamaSamaki
Watenganishe. Mgonjwa hasukumwi. Mimi nipo Kileleshwa, nina lita 600, tangi lina miaka sita na upande mmoja hauna kitu. Ukikubali, mlete akae kwangu. Sitakutoza. Akipona tutaamua.

MpigaMbizi_Shimoni
Mama yuko sahihi. Na ukimbeba usimkwangue kwa kucha, akiwa ameshika kioo pitisha kadi laini chini ya mguu, polepole. Mguu ukichanika hatapona.

TangiDogo
Nakuja kesho kabla ya foleni. Ndoo ya lita 20 na pampu ya hewa ya betri zitatosha?

MamaSamaki
Zinatosha. Jaza maji ya tangi lako, funga blanketi asipate baridi, na klaunfishi wabaki nyumbani.

Bahari_Mvita
Utujulishe akifika. Na lile la "bara" nililokwambia, kijana wa Kisauni, nisamehe. Lakini la sebuleni silifuti.