Watu wadogo chini ya mikarafuu: tuwadogoshe wao au tuwakuze wanyama?

Mwandishi wa Wete:
Assalamu alaykum. Ninaandika riwaya ya vijana ambamo ukoo wa watu wadogo sana unaishi kwenye shamba la mikarafuu hapa Pemba, katikati ya viumbe ambao kwao ni majitu. Wenzangu wananishauri niwaache watu na kimo chao, niwakuze wanyama, kwa kuwa panya mwenye umbo la ng'ombe hutisha zaidi. Je, njia ipi itaiwezesha hadithi kusimama bila ya kila sura kuhitaji muujiza wake?

Mwalimu wa sayansi, Mkoani:
Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Wadogoshe watu. Panya akikuzwa mara 10 kila upande, uzito wake huongezeka mara 1,000, ilhali nguvu ya mifupa yake huongezeka kama mara 100 tu, na miguu ile haitambeba. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638. Sasa mchukue mtu wa sentimita 160 na kilo 64, umpunguze mara 20 kila upande: atabaki na sentimita 8 na gramu 8, mwepesi kuliko panya wa nyumbani. Akianguka kutoka kileleni mwa mkarafuu, huenda akainuka akaenda zake. Cha kumtia khofu ni mvua, kwani sisi tukirowa hubakiwa na maji ya nusu kilo hivi mwilini, lakini kwake yeye utando wa maji wenye unene ule ule utamlemea kama kilo 10 zinavyotulemea sisi. Masika peke yake yanatosha kuwa adui wa riwaya nzima.

Bi Msomaji, Makunduchi:
Mwanangu, mwili mdogo hupoteza joto upesi, na ndiyo maana baadhi ya wanyama wa damu moto wenye gramu chache hula mara kwa mara, usiku na mchana. Basi watu wako watafunga vipi Ramadhani? Ningependa sana kusoma sura ambayo mafakihi wao wanalijadili suala hilo kwa dhati, maana hapo ndipo watakapokuwa watu kamili wenye dini na hoja zao.

Mkulima wa Konde:
Usiwasahau majimoto, wale sisimizi wa mitini. Kila mchumaji wa karafuu anawajua kwa kuumwa nao, lakini ni mafundi wanaoshona majani mabichi kwa uzi wa mabuu wao. Kwa vipimo vya mwalimu, kila mmoja atakuwa na urefu wa karibu sentimita 16 machoni pa watu wako. Popo wa Pemba naye, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hupita mita 1.5, kwao atakuwa na mita 30, na bado anakula matunda, maua na majani tu. Jitu lisilo na ubaya lina nafasi yake katika hadithi.

Mwandishi wa Wete:
Nawashukuru nyote. Nimeshika sentimita 8, na mjadala wa mafakihi nitauandikia sura yake. Ndugu wa Konde, mvua kubwa ikiyapasua makaazi ya majimoto, wao huyashona upya pale pale au huhamia mti mwengine?