Vihisi vya aina tatu, apu tatu, intaneti ikikatika vyote vinalala. Naomba ushauri

KijanaKibokoni
Asalaam aleikum wadau. Kwetu ni Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene kama dhiraa. Nimenunua vihisi kidogo kidogo: vya milango ni Aqara, viwili vya maji ni Sonoff, na kimoja cha wifi kisicho na jina nimekiweka kwenye tangi la darini. Hicho ndicho kinachozima pampu. Wiki jana intaneti ilikatika usiku, pampu haikupata habari. Alfajiri mama anashuka kuswali, ngazi nzima ni mto na godoro la wageni limelowa chapachapa. Sasa nataka kila kitu kiamuliwe humu humu nyumbani. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ninayo. Nianzie wapi?

Yakhe_wa_Tudor
Waaleikum salaam. Pole kwa mama. Aqara na Sonoff zako ukiangalia boksi zimeandikwa Zigbee, yaani redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumbani? Basi zinaongea lugha moja, kinachozitenganisha ni visanduku vyao. Nunua kijiti cha Zigbee cha USB, weka Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumba) kwenye Pi pamoja na Zigbee2MQTT (inayopokea ujumbe wa vihisi vya Zigbee), kisha ufute kila kihisi kwenye apu yake ya zamani na ukiunganishe upya hapo. Kijiti usikichomeke moja kwa moja. Tumia kebo ya nusu mita au zaidi, kwa sababu USB 3 ya Pi hupiga kelele ya mawimbi kwenye 2.4 GHz, masafa yale yale ya Zigbee. Na kabla hujaunganisha chochote chagua chaneli. Zigbee2MQTT huanza na 11, ambayo inagongana na wifi ya chaneli 1. Weka 25. Ukibadilisha baadaye huenda ukalazimika kuzunguka na ngazi kuunganisha upya.

MamaZuu_Bamburi
Kile cha wifi cha betri kiache tu, mwanangu. Hulala muda wote ili kuokoa betri, kikiamka kinakimbilia seva ya mbali. Nimepoteza Ramadhani nzima nikijaribu kukishika.

KijanaKibokoni
Shukran. Swali la kuta: cha mlango wa uani kinaonekana dakika tano kisha kinapotea.

Yakhe_wa_Tudor
Vihisi vya betri havipokezani ujumbe, vya stima ndivyo hupokezana. Weka soketi ya Zigbee, ile ya kuchomeka ukutani, kila ghorofa, ngazini ndiko kuzuri kwa vile mawimbi hupanda bila kukutana na ukuta. Kisha uunganishe kihisi kupitia soketi hiyo.

FundiStima_Likoni
Niingilie kati. Hayo ya kompyuta sawa, lakini pampu ya maji msiiwashe kwa soketi hizo ndogo. Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, rilei, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya soketi, inaungana na haizimi tena. Tumia kontakta, yaani swichi kubwa ya kubeba mota, soketi ibonyeze kontakta tu. Na ndani ya tangi weka swichi ya boya iliyofungwa kwenye waya wa koili (sumaku inayoiwasha) ya hiyo kontakta. Maji yakifika juu, boya linakata, Pi ipende isipende. Mimi ningeanza na boya kabla ya kununua chochote.

MamaZuu_Bamburi
Fundi kasema kweli. Ongeza UPS ndogo (betri ya akiba) ibebe Pi na ruta, na uhamishe mfumo kutoka kadi ya SD uweke kwenye diski ya SSD. Kadi huharibika stima ikipotea inapoandika. Halafu ujumbe wa simu mara nyingi hupitia intaneti, kwa hivyo tafuta king'ora cha Zigbee.

KijanaKibokoni
Mrejesho: boya na kontakta vimefungwa Jumamosi. Soketi ya ngazini imewekwa, nguvu ya mawasiliano ya mlango wa uani imetoka 20 hadi 90. Nilichomoa waya wa intaneti makusudi, pampu ikazima yenyewe. Ila jana jioni vihisi vyote vya chini vilipotea tena. Kumbe mama amechomoa soketi apate pa kuchomeka pasi.

FundiStima_Likoni
Mfungie mama soketi nyingine ya kawaida hapo pembeni. Haina dawa nyingine.