Paipu za mafuta za Corolla ya zamani: mpira, kopa au chuma? Nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani

Kijana wa Nzuguni
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla ya zamani, nimeinunua mwezi uliopita, na sasa inavuja petroli. Asubuhi nakuta doa chini ya gari na harufu inafika mpaka sebuleni. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia paipu zimeliwa na kutu, zote zitoke, kazi pamoja na vifaa 180,000. Hela hiyo kwa sasa sina, ila spana ninazo na jeki ninayo. Nataka nifanye mwenyewe Jumamosi. Je, niweke mpira mtupu kutoka tenki mpaka injini, nichukue kopa ya mafundi friji, au nitafute paipu za chuma za gari lililochinjwa, lile lililovunjwa liuzwe vipuri? Kipi kinadumu?

Fundi wa Kizota
Mkuu, Corolla ipi? Kuna za kabureta na kuna za injekta. Injini gani? Inavujia wapi, juu ya tenki, katikati, au kule mbele kwenye filta? Usipotaja hayo, kila mtu atakujibu kuhusu gari lake.

Mzee wa Datsun
Weka mpira kijana wangu, usihangaike. Datsun 1200 yangu ina mpira tangu tenki hadi kabureta, huu mwaka wa tisa, na naenda nayo shambani Bahi msimu wote wa mpunga. Haijawahi kudondosha hata tone.

Fundi wa Kizota
Shikamoo mzee wangu. Yako ni kabureta. Pampu yake inasukumwa na injini na presha yake ni ndogo, haifiki hata nusu ya bar moja (bar ni kipimo cha presha). Za injekta zinakwenda karibu bar 3. Mpira uliodumu kwako miaka tisa, kwake unaweza kupasuka au kuchomoka.

Mzee wa Datsun
Marahaba. Hilo sikulitazama. Basi aseme injini.

Kijana wa Nzuguni
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Kibao kinasema AE100, injini 5A-FE. Kwa hiyo ni injekta, sivyo? Inavujia katikati, usawa wa kiti cha nyuma, pale paipu zinaposhikwa na klipu za plastiki. Aliyeniuzia alikuwa anakaa Tanga.

Mchapakazi wa Area D
Tanga! Hapo umejijibu. Hewa ya chumvi ya pwani inakula chuma polepole, na pale kwenye klipu ndipo tope linapokaa na unyevu wake. Hapa Dodoma gari linakaa miaka na chini bado pakavu. Kabla hujagusa kitu, angalia paipu za breki. Zinapita sambamba na za mafuta, klipu zilezile. Kama za mafuta zimeoza, za breki nazo haziko salama.

Mama Neema Ilazo
Naomba niseme kwa urefu kidogo, maana jambo hili lilinifika.

Mwaka 2019 nilikuwa na Escudo ya injekta. Ilivuja hivihivi, katikati. Gereji niliyoipeleka wakakata kipande kilichooza, wakaunga mpira na klipu mbili zile za kukaza kwa bisibisi. Nikalipa, nikaondoka. Wiki mbili hazikuisha. Tulikuwa tunakwenda Iringa msibani, mimi, mama yangu na wanangu wawili. Tumeshapita Fufu, mama akasema, "Hapa pananuka mafuta." Nikashusha vioo, harufu ikapungua, nikaendelea kukanyaga. Mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Kabla ya kufika Mtera gari likaishiwa nguvu. Nikaegesha, nikainama kuchungulia. Mpira umevimba kama muhogo uliolowekwa, na klipu imekata mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Petroli inachuruzika kama uzi, inaangukia bomba la ekzosi na kulia tss, tss. Niliwatoa watoto sijui kwa mkono upi. Mama nilimvuta mpaka kanga yake ikabaki imenasa mlangoni. Hatujafika hatua ishirini, tukasikia limeshika moto.

Dereva wa lori la mahindi alisimama akaja mbio na mtungi wake wa kuzimia moto, huku mimi nachota mchanga kwa sufuria tuliyokuwa tunaipeleka msibani. Viti vya nyuma viliteketea, sakafu ikatoboka. Sisi tulitoka wazima, namshukuru Mungu. Niliporudi kuuliza, nikaambiwa mpira ule ulikuwa "wa mafuta". Kweli ulikuwa wa mafuta, lakini kipande kilichobaki kilikuwa na maandishi ya R7. Ni wa kabureta.

Mdogo wangu wa Nzuguni, usiulize kipi kinadumu tu. Uliza nani atakaa kiti cha nyuma.

Kijana wa Nzuguni
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Gari hili linabeba watoto wa shule kila asubuhi.

Fundi wa Kizota
Pole dada. Mafundi wengi wanadharau maandishi ya kwenye mpira. Wa injekta utakuta umeandikwa SAE J30R9. Huo R9 ni wa nje tu. Kipande cha ndani ya tenki, kinachozama kwenye petroli, kinataka R10. Ukiambiwa "mpira ni mpira", hama duka.

Na klipu zile za bisibisi zenye matundu zinatafuna mpira. Tafuta za injekta, zile za bolti moja, ambazo ndani ni laini na kingo zimekunjwa nje. Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Paipu ya chuma ukiikata, mdomo wake unabaki laini kama kalamu, na mpira ukipata presha unateleza kutoka. Lazima mdomo utolewe kivimbe kwa kile kifaa cha kutanulia paipu, ndipo mpira uvuke kivimbe na klipu ikae nyuma yake.

Hata hivyo mimi simshauri aweke mpira mtupu kutoka nyuma mpaka mbele. Jiwe moja la barabara ya vumbi likirushwa na tairi linautoboa. Mpira ukae kwenye viungo tu, vipande vifupi.

Mchapakazi wa Area D
Kwa hiyo kopa. Hilux yangu ya dizeli ina kopa mwaka mzima, rahisi kukunja kwa mkono.

Fundi wa Kizota
Mwaka mmoja ni mdogo, mkuu. Kopa tupu ikitikiswa sana inakakamaa, kisha inapata ufa, mara nyingi palepale penye kiungo. Na petroli haisubiri kama dizeli. Ukitaka kitu kinachokunjika kwa mkono, kuna paipu ya kopa iliyochanganywa na nikeli karibu asilimia 10. Haishiki kutu na inavumilia mtikisiko. Wengine huitumia kwenye breki. Ila usichukue ile ya breki ya milimita 4.75, ni nyembamba mno kwa mafuta. Pima ya kwako, ya kupeleka mafuta huwa karibu milimita 8 na ya kurudisha ni ndogo zaidi.

Mchapakazi wa Area D
Mpaka uagize Dar, ipakiwe kwenye basi. Jumamosi haiwezekani.

Fundi wa Kizota
Basi isiwe Jumamosi hii.

Mama Neema Ilazo
Na watoto wapande bajaji kwanza.

Dereva Kibaigwa
Mbona hamtaji za gari lililochinjwa? Nilizipata za Corolla 100 zikiwa nzima, zimekunjwa na kiwanda, zinaingia penyewe. Ila nilipitisha kidole urefu wote kutafuta vipele vya kutu, na nikapuliza kwa kompresa huku nimeziba upande mmoja, nimezitumbukiza kwenye beseni la maji. Moja ilitoa mapovu. Nikairudisha.

Mzee wa Datsun
Hilo la beseni ni zuri. Na jua la Oktoba hapa mafuta yanachemka ndani ya paipu gari linazima njiani. Datsun yangu naifungia kitambaa kilicholowa kwenye pampu, inawaka.

Dereva Kibaigwa
Mzee, hiyo ni kwa kabureta. Za injekta presha inazuia mafuta yasichemke upesi, na yanazunguka kurudi tenki.

Mzee wa Datsun
Nafahamu. Lakini paipu isipite karibu na ekzosi, iwe ya gari gani.

Kijana wa Nzuguni
Nashukuru wote. Nyumbani kuna shimo la gari alilolichimba marehemu baba, nitaingia humo. Presha natoaje?

Fundi wa Kizota
Shimoni USIINGIE! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa humo kama maji. Nyanyua gari juu ya stendi imara, mahali pa wazi penye upepo, jeki peke yake haitoshi. Jiko la mkaa liwe mbali na gari, na taa ya kubana yenye balbu ya moto isikaribie.

Presha: inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko, chomoa soketi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe. Piga stata mara moja tena. Kisha toa betri upande wa hasi. Hata hivyo, ukifungua kiungo kifunike na kitambaa, mafuta yatatoka kidogo. Kwenye filta ile bolti yenye tundu ina washa mbili (vipete vya kuzibia), weka mpya. Ukimaliza, usiwashe injini haraka. Fungua swichi na kuifunga mara kadhaa bila kupiga stata, mtu mwingine awe chini anaangalia kwa tochi.

Dereva Kibaigwa
Na namba ya zimamoto ni 114, iwe tayari kwenye simu.

Mchapakazi wa Area D
Nasema tena, anunue kopa amalize. Watu wangapi wanatembea nazo?

Mama Neema Ilazo
Mimi nilitembea na mpira.

Kijana wa Nzuguni
Nimelala chini ya gari sasa hivi na tochi. Ya breki, ile ya upande huohuo, nikiikwangua na ukucha inatoka maganda. Kuna mtu ana spana ya paipu, ile iliyopasuliwa mdomo, ya namba 10? Na je, nati za breki zikigoma ninafanyaje?

Fundi wa Kizota
Spana ninayo. Usiendeshe gari hilo kesho. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze nilipo.

Dereva Kibaigwa
Nati zikigoma anzisha mada mpya hapa jukwaani mkuu, hiyo ni habari nyingine. Nami nina la kuuliza humo, Noah yangu pedali inashuka.