Neiland, Ostapenko au Sevastova: nani wa kwanza Latvia?

MkonoWaKushoto
Wadau wa tenisi, ikitajwa Latvia tu, watu wanakimbilia kwa Jeļena Ostapenko na French Open ya 2017. Mimi namweka Larisa Neiland juu yake. Mama huyu ana mataji 65 ya wawili wawili. Sitini na tano! Grand Slam, yaani mataji ya yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, anazo sita: mbili za wanawake wawili wawili, nne za mseto wa mwanamke na mwanamume. Januari 1992 akawa namba moja duniani kwa wawili wawili. Nipeni hoja zenu.

BintiTanga
Kaka, mataji hayo nayaheshimu, lakini kipimo changu ni pale mtu anaposimama peke yake. Neiland kwa mmoja mmoja aliishia namba 13, mwaka 1988, na mataji mawili. Sasa mtazame Ostapenko: aliingia French Open hiyo, kule Paris, akiwa wa 47 duniani, hajawahi kushinda taji lolote la WTA, chama cha tenisi ya wanawake, katimiza miaka 20 siku ya nusu fainali. Fainali yuko nyuma 6-4, 3-0 dhidi ya Simona Halep. Mwingine angeanza kuurudisha mpira kwa woga. Yeye akazidi kuupiga. Alimaliza na mipira 54 ya ushindi na makosa 54, sawa kwa sawa, na kombe akabeba. Mimi siku ile nilisimama sebuleni seti nzima ya tatu.

Mzee wa Nyasi
Binti yangu, anayesema wawili wawili ni rahisi hajatazama Wimbledon ya miaka ile. Mwaka 1988 Larisa, enzi hizo akiitwa Savchenko, na Natasha Zvereva walipoteza fainali kwa Steffi Graf na Gabriela Sabatini, 12-10 seti ya tatu. Mwaka uliofuata wakakutana na haohao fainali ya French Open, wakawafunga 6-4, 6-4. Deni limelipwa.

Halafu kuna hili, linaloniuma hadi leo. Fainali ya Wimbledon 1991, Larisa na Zvereva wanawashinda Gigi Fernández na Jana Novotná. Fainali ya 1992, wachezaji ni walewale wanne, ila wamebadilishana wenza. Zvereva yuko upande wa pili na Fernández, Larisa kabaki na Novotná. Wakapigwa. Mwaka 1993 tena hivyohivyo, wakapigwa tena. Fikiria unasimama kwenye wavu, na anayekutazama machoni ni yule aliyejua kila mpira wako utakapoelekea.

Kipa_Kisumu
Nina swali la bendera. Neiland alizaliwa Lviv, Ukraini, na jina la Neiland ni la ndoa. Latvia imerudisha uhuru wake Agosti 1991. Wimbledon ya 1991 ilichezwa mwezi mmoja na kitu kabla. Kwa hiyo zile Grand Slam mbili za wanawake wawili wawili alizishinda akiwakilisha Usovieti. Tukiulizana nani wa kwanza *Latvia*, hizo tunazihesabu?

BintiTanga
Hapo sasa! Ostapenko kazaliwa Riga, na ndiye Mlatvia wa kwanza kushinda Grand Slam ya mmoja mmoja. Na wawili wawili kaigusa pia, US Open ya 2024 akiwa na Lyudmyla Kichenok.

GotiBovu
Mnampita Anastasija Sevastova kama hayupo. Mei 2013 aliacha mchezo kwa majeraha yasiyoisha. Mimi mwenyewe niliacha kucheza kwa sababu ya goti, najua asubuhi ile unapoitazama raketi na huinyanyui. Yeye akarudi 2015, akaanza chini kabisa, na 2018 alikuwa nusu fainali ya US Open na namba 11 duniani. Februari 2020, mashindano ya timu za taifa, akamfunga Serena Williams 7-6, 3-6, 7-6, na Serena hakuwa amewahi kupoteza mechi ya mmoja mmoja kwenye mashindano hayo. Ule mpira wake anaoukata ukafia nyuma tu ya wavu, hakuna anayeupiga vile. Kwa makombe simweki wa kwanza, kwa moyo namweka.

MkonoWaKushoto
GotiBovu, nakubali, tena nakupa pole ya goti.

Kipa, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Toa hizo mbili. Zinabaki nne za mseto, zote chini ya bendera ya Latvia: Wimbledon 1992 na Cyril Suk, Australian Open 1994 na Andrei Olhovskiy, French Open 1995 na Todd Woodbridge, Australian Open 1996 na Mark Woodforde. Wenza wanne tofauti, na kila mmoja kashinda naye. Na Mzee, ile Wimbledon ya 1992 iliyokuuma, aliyofungwa na Zvereva, ni hiyohiyo aliyobeba kombe na Suk. Nchi yake haikuwa imetimiza hata mwaka tangu iwe huru.

Mzee wa Nyasi
Hilo la Suk nilikuwa nimelisahau kabisa. Kura yangu kwa Larisa.

BintiTanga
Mimi bado na Ostapenko. Ila leo usiku naitafuta ile fainali ya 1992 niione yote.