Mrejesho: themostati iliyokuwa ikizimika mashine ikianza kupoza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kioo cha themostati mpya ya ratiba (kidhibiti joto cha ukutani kinachoiwasha na kuizima AC kwa saa ulizopanga) kinazimika kila mashine ya AC inapoanza kupoza. Ushauri wa waya wa C (waya wa kurudishia umeme, unaoipa themostati umeme muda wote) ndio uliotibu. Bila waya huo, themostati hudokoa umeme kwenye njia ya Y (waya unaoiamuru mashine ipoze), na mashine ikiwaka haubaki wa kutosha. Nilizima swichi kuu, nikavuta waya wa buluu uliokuwa umekunjwa ukutani bila kazi, nikaufunga kwenye C pande zote mbili, kwenye themostati na kwenye bodi ya mashine. Kati ya R (waya unaoleta umeme) na C sasa ni volti 26, na kioo hakizimiki. Rangi msiziamini, fuateni herufi za kwenye bodi.

Kuhusu tatizo la pili, themostati kusoma joto kuliko lililopo chumbani: kuziba tundu la waya ukutani, linalopitisha hewa ya ndani ya ukuta, kumesaidia nusu tu. Bado inasoma nyuzi 2 zaidi, nimezipunguza kwenye mipangilio yake.