Bei nafuu za supamaketi kubwa: tofauti anailipa nani?

Mwanamtaa:
Wadau, supamaketi kubwa imefunguliwa karibu na mtaa, na mafuta na sabuni ziko chini kuliko dukani. Kununua huko ni kumuumiza mtu? Nataka maelezo, si lawama.

Karani_wa_Stoo:
Unafuu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni halali kabisa: lori zima linashusha mzigo mahali pamoja, hakuna madalali watatu katikati. Wa pili unatoka mfukoni mwa msambazaji. Chukua mfano wa mtindi wa Sh100,000. Supamaketi inakata 10% iitwayo rebeti, inabaki 90,000. Inarudisha iliyoharibika rafuni, tuseme ya 6,000, hata kama friji ilizimwa usiku na wao wenyewe. Zinabaki 84,000, zinazolipwa baada ya siku 60. Kama msambazaji anaendesha kazi kwa mkopo wa 18% kwa mwaka, riba ya siku hizo ni kama 2,500. Pengo hilo analiziba kwa kupunguza bei ya maziwa kwa mfugaji au ujira wa vibarua.

Hata yule dada mwenye aproni anayekuonjesha mtindi, na kijana anayepanga rafu, mara nyingi wanalipwa na msambazaji. Ile "nunua mbili upate moja" pia, mara nyingi ni yeye anayeigharamia.

Mteja_Makini:
Sheria ipo, jamani. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2019 yanataka mkataba kati ya mnunuzi na msambazaji uwe na tarehe ya malipo na riba ya kuchelewesha. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliiamuru kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini irejeshe makato iliyomkata Orchards, mtengenezaji wa mtindi, na 2021 Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikatozwa faini ya Sh bilioni 1.1 katika malalamiko ya wasambazaji wengine. Nakumatt nayo, iliyokuwa supamaketi kubwa Kenya, ilipovunjwa 2020, wasambazaji walibaki wakidai mabilioni. Kwa hiyo kuchelewesha malipo si jambo dogo la wahasibu. Linaua viwanda vidogo.

Mwanamtaa:
Kwa hiyo nihamie dukani kwa kila kitu?

Karani_wa_Stoo:
Hapana. Duka la mtaa nalo lisitakaswe bure: msaidizi wake mara nyingi hana mkataba wala NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na bidhaa za kadogo, yaani za vipimo vidogo vidogo, ni ghali. Kisachi cha gramu 20 kwa Sh10 ni sawa na Sh500 kwa kilo. Gawanya bei kwa uzito kabla ya kusema kipi nafuu, na soma gramu zenyewe, maana paketi hupunguzwa uzito bila bei kushuka.

Unga, mchele na mafuta ya familia nunua kwa wingi popote palipo nafuu. Hapo unafuu hutoka zaidi kwenye wingi wa mzigo. Maziwa, mtindi, mkate, asali na mboga za mzalishaji mdogo, bora ununue dukani au sokoni, anakolipwa taslimu au ndani ya siku chache. Na usile mtindi rafuni ukaacha kikopo, wala usitoboe paketi. Hasara hiyo haiishii kwa mwenye jengo. Inarudishwa kwa aliyeuleta.

Mteja_Makini:
Naongeza: bidhaa yenye jina la supamaketi yenyewe, igeuze usome "imetengenezwa na nani". Mara nyingi utakuta kiwanda kilekile cha chapa unayoijua.