Mjadala: Goti likisagika, kamera kwanza au mazoezi kwanza?

Kipanga:
Jamani tuongee hili maana limenikaa rohoni. Mtu ana miaka 50 na kitu, goti linauma, hajaanguka wala hajapigwa daruga, anapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, anaambiwa meniska imechanika, ile gegedu yenye umbo la mwezi mchanga inayokaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko. Muda si mrefu yuko mezani anaingizwa kamera anasafishwa goti. Swali langu, kwa nini isiwe lazima amalize kwanza miezi mitatu ya mazoezi tiba ndo daktari aruhusiwe kushika kisu? Mi nasema iwe lazima. Mwaka 2002 Moseley na wenzake kule Houston walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wa goti lililosagika, yaani gegedu imelika, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakasafishwa kweli, wengine wakachanwa ngozi tu wakashonwa. Wakafuatiliwa miaka miwili, maumivu yaleyale, kutembea kulekule, hakuna kundi lililolizidi jingine. Sasa tunapasua nini?

Mkongojo:
Mimi nilisafishwa goti na nilipona. Nilikuwa siwezi kushuka kwenye gari bila kushika mlango kwa mikono miwili, usiku nalala na mto katikati ya magoti. Wiki ya sita baada ya operesheni niliacha fimbo. Kwa hiyo unaniambia mimi nilichanwa ngozi?

Wembe:
Mzee Mkongojo achana nao. Hao watu wa fizio, wa hayo mazoezi tiba, nimewaona kwa macho yangu, unaenda unakandwa mafuta dakika kumi, unapewa karatasi yenye picha za kuchora unaambiwa kafanye nyumbani, basi. Miezi mitatu ya kukandwa wakati kitu kimechanika ndani? Kamba ikikatika utaikanda mpaka iungane?

FizioZamu:
Kukandwa. Naomba nianzie hapo, mengine nitarudi.

Kaka Wembe, juzi nilikuwa na mama mmoja, goti la kulia. Tulianza na kunyanyuka kwenye kiti tu. Kiti cha kawaida, mikono imekunjwa kifuani. Mara ya kwanza akanyanyuka kwa mguu wa kushoto peke yake, yaani ule wa kulia aliuchomoa mbele kama hautaki kazi, na mwili wote ukalala upande mmoja. Mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo, ana miaka amezoea. Nikamrudisha, nikamwambia nyayo zote mbili chini, kisigino cha kulia kirudi nyuma kidogo, sogea ukingoni, inamisha kifua, sukuma ardhi. Akanyanyuka mara nne paja likaanza kutetemeka. Hapo ndo kazi inapoanza. Wiki ijayo mara sita, halafu kiti kifupi, halafu ngazi, halafu uzito mkononi. Sina mafuta hapo. Nina saa, daftari na macho yangu. Halafu mtu ananiambia nakanda.

Nyota_Njema:
Dada pole, ila na nyie msiwaogope wanaosema mnatumia mikono, maana ule utafiti wa Deyle wa 2020 ambao wenzako wanautaja kila siku, watu 156, nusu sindano ya steroidi gotini, dawa ya kutuliza uvimbe, nusu fiziotherapia, hao wa fizio walifanyiwa mazoezi NA kunyooshwa kiungo kwa mikono. Mwaka mmoja baadaye kwenye kipimo cha maumivu na uwezo wa goti cha alama 0 mpaka 240 ambapo alama ndogo ndo nafuu, wa fizio walikuwa 37 wa sindano karibu 56. Kwa hiyo mikono ilikuwemo.

Wembe:
Asante! Walikanda!

FizioZamu:
Nyota uko sahihi na nakubali, mikono ilikuwemo. Lakini kunyoosha kiungo si kupaka mafuta. Unashika mfupa wa ugoko unausogeza taratibu ili goti linyooke mpaka mwisho, kisha hapohapo mgonjwa anafanya zoezi kwa ule unyookaji alioupata. Ukimwachia aende nyumbani bila zoezi, kesho goti limerudi lilipokuwa. Wembe hiyo si kukanda na unajua.

Wembe:
Sijui. Nilichokiona mimi ni mafuta na karatasi.

FizioZamu:
Basi ulichokiona ni kazi mbovu, na kazi mbovu ipo, inaniuma mimi kuliko wewe. Kumpa mtu karatasi na kumwacha, na mimi nailaani.

Kipanga:
Tumetoka kwenye mada. Swali ni je iwe lazima.

Mpita_Njia:
Nyongeza kidogo. Wafini nao 2013, wagonjwa 146, miaka 35 hadi 65, meniska iliyochakaa bila goti kusagika. Wote waliingizwa kamera kwanza kuthibitisha, ndipo ikafunguliwa bahasha, huyu akatwe meniska, huyu aigiziwe. Na waliigiza kweli, daktari anaitisha vifaa, anazungusha goti, mgonjwa anakaa chumba cha upasuaji muda uleule. Miezi 12, wote wamepata nafuu, hakuna aliyemzidi mwenzake. Na kitu kingine watu hawaambiwi, Englund na wenzake 2008 waliwapiga MRI watu 991 wa mtaani tu, miaka 50 hadi 90, hawakuchaguliwa kwa sababu goti linauma. Wenye meniska iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliotangulia. Wametembea na mchaniko wao bila habari. Kwa hiyo ukiona mchaniko kwenye picha hujaona bado kinachouma.

Wembe:
Hapo ndo pananichoma. Mnalaza mtu mezani, mnamtoboa, mnamshona, mnamwambia tayari, kumbe hamkumgusa. Huo si ni unyama? Mama yangu angefanyiwa hivyo ningevunja mlango.

Kipanga:
Hakuna aliyedanganywa. Wale wa Houston kila mmoja aliandika kwa mkono wake kwenye faili kwamba anajua huenda akapata operesheni ya kuigiza na goti lake lisiguswe. Na walikuwa huru kukataa, waliofaa walikuwa 324, 144 wakasema hapana wakaenda zao. Unyama ni kupasua maelfu kwa miaka bila kujua kama kunasaidia. Hao 180 ndo waliotufungua macho, mi nawashukuru.

Wembe:
Utoboe ngozi ya mtu bure, uite utafiti. Hapana. Hata kama amesaini.

Mkongojo:
Nimesoma yote na bado hakuna aliyenijibu. Mnasema wa kuigiziwa nao walipata nafuu. Maana yake mnasema niliponea kichwani. Mimi sikuigiza maumivu yangu. Nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, wajukuu wanaona. Nina umri huu niitwe mwongo na watu nisiowajua.

FizioZamu:
Shikamoo mzee wangu. Hakuna anayekuita mwongo na kama maneno yetu yamefika hivyo naomba radhi. Maumivu yako yalikuwa ya kweli na nafuu yako ni ya kweli. Swali la watafiti ni dogo kuliko hilo, je nafuu imeletwa na kile kipande cha meniska kilichokatwa au na kitu kingine? Maumivu ya goti yanapanda na kushuka, na mtu anakubali kisu siku yakiwa juu kabisa, kwa hiyo mara nyingi yangeshuka hata hivyo. Halafu kuna mapumziko, kuna kuangaliwa na watu wanaokujali. Na kuna jambo moja naomba unijibu, baada ya operesheni ulifanya mazoezi?

Mkongojo:
Marahaba. Ndio nilifanya. Kulikuwa na kijana wa mazoezi, mkali kama askari. Wiki sita. Kila asubuhi kunyanyua mguu ulionyooka, nahesabu mpaka kumi, kisha kupanda kingazi kimoja na kushuka. Nilimchukia na nilimpenda.

Nyota_Njema:
Mzee, umeona?

Mkongojo:
Nimeona unachotaka niseme. Sisemi bado.

Wembe:
Msimlishe mzee maneno. Na kama mnapenda tafiti, Marekani kuna ile ya Katz 2013, watu 351 miaka 45 na kuendelea, meniska pamoja na goti lililoanza kusagika. Waliopangiwa fizio asilimia 30 walihamia kwenye upasuaji ndani ya miezi sita. Theluthi nzima karibu! Mazoezi yangekuwa dawa wangekimbia?

Kipanga:
Na waliobaki? Wengi walibaki na wakaendelea vizuri, na makundi yote mawili yalipolinganishwa kwenye miezi sita uwezo wa goti haukutofautiana kitu cha maana. Na waliohamia hawakufungiwa mlango, walipasuliwa. Hilo ndo nalotaka, mlango wa kisu ubaki wazi ila uwe wa pili.

Nyota_Njema:
Mama yangu ameambiwa abadilishiwe goti zima liwekwe la chuma. Na hilo mnalikataza? Maana amesoma huu uzi tangu asubuhi ameanza kusema haendi.

FizioZamu:
Mwambie mama asifanye hivyo kwa sababu yetu! Kusafisha goti na kubadilisha goti ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Wadenmark 2015, Skou na wenzake, wagonjwa 100 waliofaa kubadilishiwa, nusu wakabadilishiwa na kufanya mazoezi, nusu mazoezi na huduma nyingine bila kisu. Waliobadilishiwa walipata nafuu kubwa zaidi, hilo ni wazi, ila nao walipata madhara makubwa mengi zaidi. Na kati ya wasiopasuliwa wengi, kama robo tatu, walimaliza mwaka bila kubadilishiwa. Kwa hiyo mama ana uchaguzi wa kweli pale, akae na daktari wake aulize, hata akikubali operesheni paja lenye nguvu litamsaidia kabla na baada. Na goti linalokwama kabisa, halinyooki, limejifunga, au kijana aliyeumia uwanjani leo, hao nao wana njia yao, wawahi kwa daktari wa mifupa. Kipanga sheria yako isiwameze hao.

Kipanga:
Nakubali. Basi nabadilisha, isiwe sheria, iwe kwamba hakuna mtu wa meniska iliyochakaa anayepelekwa mezani kabla hajapewa mazoezi yanayosimamiwa na mtu, si karatasi.

Wembe:
Umeibadilisha mada yako mwenyewe. Lakini hilo la si karatasi, hapo tuko pamoja. Dada yangu alipewa karatasi. Ilikaa juu ya kabati mpaka ikapauka, goti likazidi mpaka akawa anaswali kwenye kiti. Ndo maana nina hasira na nyie.

FizioZamu:
Ungesema hivyo tangu mwanzo kaka. Pole yake. Mlete kwa mtu atakayemuangalia akinyanyuka.

Mkongojo:
Haya, nami niseme lililonileta, maana nimezunguka. Goti limerudi kuuma, lilelile. Nimeambiwa nisafishwe mara ya pili, nina wiki tatu za kuamua. Yale mazoezi niliyaacha yule kijana alipoondoka. Sasa dada, naanzia wapi?

FizioZamu:
Anza leo na kupima tu mzee. Kiti kisichoteleza, kiegemeze ukutani, mtu awe karibu yako. Mikono ikunje kifuani. Sekunde 30, hesabu umesimama wima mara ngapi. Goti likiuma kidogo usiogope, likiuma sana simama. Halafu uniandikie hapa.

Mkongojo:
Saba. Ya nane nilishika ukuta, sijaihesabu.

FizioZamu:
Umefanya vizuri kutoihesabu. Sasa mguu wa goti bovu ulikuwa nyuma sawa na mwenzake au uliuchomoa mbele?

Mkongojo:
Mjukuu anasema niliuchomoa.